Ndoo Sitini

Sisi tukaao Kahe, katika tambarare iliyo chini ya Moshi, tuna desturi ya kuutazama mlima kila asubuhi kabla ya kutazama jambo jingine. Ukiwa wazi twajua jua litawaka. Ukiwa umejitanda mawingu twajua kwamba huko juu mvua inanyesha, hata kama kwetu ni vumbi tupu. Mtu aliyezaliwa mbele ya mlima wa namna hii, uliojifunga msitu kiunoni kama kanga, hukua na imani moja ambayo hajapata kuichunguza: kwamba miti hujiotea yenyewe. Mungu huipanda, mvua huinywesha, na kazi ya mwanadamu ni moja kati ya mbili, kuikata ama kuiacha. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kupigana nayo katika kurasa hizi, kwa sababu ndiyo iuayo miti ya mji wa Moshi mwaka baada ya mwaka, na wauaji wenyewe ni watu wema wenye jembe mkononi.

Hoja yangu naiweka mbele mapema, ili msomaji asije akadhani nimemficha kitu. Nasema kwamba katika mji wa Moshi twapanda miti mingi mno. Sikukosea kuandika. Nasema mingi mno, na nasema kila mche upandwao bila mtu wa kuulea ni mali iliyotupwa na jasho la kitaluni lililomwagwa bure. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Sisi tumekuwa hodari wa kulea mimba.

Tazama mambo yaendavyo. Mwisho wa Machi, masika yanapobisha hodi, sherehe huanza. Machi 21 ni Siku ya Kimataifa ya Misitu, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2012. Aprili 1 nayo imezoeleka nchini kuwa siku ya kupanda miti. Viti hupangwa chini ya hema, maana mahali panapopandwa miti aghalabu hapana kivuli. Mashimo yamekwisha kuchimbwa jana yake na vijana ambao hawataonekana katika picha. Mgeni hushika mche, huutia shimoni, huumwagia kopo moja la maji, na watu hupiga makofi. Kisha huletewa maji ya kunawa mikono, nayo huwa mengi kuliko yale uliyopewa mche. Karani huandika idadi. Hema hung'olewa, viti hupakiwa garini, na mahali pale hapatembelewi tena mpaka Machi nyingine, ambapo mashimo huchimbwa upya, mengine palepale palipokuwa na mashimo ya mwaka uliopita. Nimeshuhudia jambo hili kwa macho yangu mara nyingi hata sasa halinichekeshi tena.

Yamkini msomaji ataniambia kwamba huo ni mzaha wa mtu mwenye kinyongo. Basi na tuziendee hesabu. Katika miaka ya 2010 kila halmashauri nchini iliagizwa kupanda miti isiyopungua 1,500,000 kwa mwaka. Nia ilikuwa njema, na katika wilaya pana zenye mapori yaliyofyekwa agizo lilikuwa na maana yake. Lakini Manispaa ya Moshi ina eneo la kilometa za mraba 59 hivi, na kwa sensa ya mwaka 2022 watu wake walikuwa kama 221,000. Gawanya mwenyewe. Kila mtu, mtoto mchanga na mgonjwa wa kitandani wakiwamo, angepanda karibu miti saba kila mwaka. Kila kilometa ya mraba ingepokea miti zaidi ya 25,000 kila mwaka, na baada ya miaka mitano tu mji mzima, pamoja na soko, stendi, makaburi na vyumba tulalamo, ungesongamana miti kama shamba la misonobari la West Kilimanjaro. Sisemi kwamba yuko mtu aliyekusudia kudanganya. Nasema hesabu ya namna hii haiwezi kutimizwa na mji ila kwa kuhesabu miche badala ya miti, na tofauti ya mche na mti ni kiangazi.

Naam, kiangazi. Hapa yafaa nikae kidogo, kwa sababu wasemaji wa masika hawakitaji kabisa.

Mche upandwao Aprili hupata miezi miwili ya starehe. Aprili na Mei huleta takriban nusu ya mvua yote ya mwaka katika mji wa Moshi, na katika miezi hiyo hata fimbo ukiichomeka ardhini hudanganya kwamba inaishi. Kisha mvua hukatika. Juni huingia na kipupwe chake: Kibo hujificha siku nyingi, watu huvaa masweta, asubuhi majani yana umande. Mtu apitaye barabarani hutazama mche ukiwa kijani, hujisemea kwamba hauna shida. Hapo ndipo usahaulifu huanza. Juu ardhi yaonekana kuwa na baridi, lakini chini, kina cha shubiri moja tu, imekwisha kukauka, na mizizi ya mche wa miezi mitatu haijapita hapo. Agosti majani ya chini hugeuka rangi. Septemba joto hurudi. Oktoba mijakaranda mikubwa ya mjini, miti ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, huvaa maua ya zambarau, na watu hutoka kuipiga picha. Hawaoni kwamba hatua kumi kutoka pale wanaposimama, mche uliopandwa Aprili umekuwa kijiti. Mjakaranda mzee una mizizi ya miongo mingi. Kijiti kile kilikuwa na mizizi ya kopo moja la maji.

Uliosalia hadi Novemba huokolewa na vuli, kama vuli itakuja, maana vuli ya kwetu ni mgeni asiyetabirika; mwaka mmoja hufurika, mwaka mwingine hupitisha mawingu tu. Halafu Januari na Februari. Mtu wa Kahe hahitaji kuelezwa habari za Februari. Upepo huwa wa moto, ng'ombe husimama bila kutafuna, na saruji ya mjini hupokea jua tangu asubuhi na kulirudisha usiku kucha. Mche ulioshinda Oktoba hufa Februari, wiki chache tu kabla ya hema kusimamishwa tena.

Kwa hiyo kila mwaka una vipindi viwili vya ukame, na mti wa mjini hauwezi kujitegemea mpaka umevuka miaka miwili. Nimepiga hesabu ya mkulima, si ya mtaalamu. Miezi ya ukame ni kama saba kwa mwaka, yaani majuma thelathini. Mche wahitaji ndoo moja ya lita ishirini kila juma, imwagwe polepole mpaka izame, wala si kikombe kila siku, maana maji ya juujuu hufundisha mizizi kukaa juujuu. Juma thelathini mara miaka miwili ni ndoo sitini. Hiyo ndiyo bei ya mti. Mche wenyewe ni shilingi chache, mara nyingine hutolewa bure. Bei ya kweli ni ndoo sitini na mikono ya kuzibeba. Mtu apandaye miche elfu moja amejitia deni la ndoo elfu sitini, na aagizaye miche 1,500,000 ameagiza ndoo milioni tisini bila kutaja ni nani atakayezibeba.

Nimesema kosa letu limezaliwa katika kuutazama mlima. Lakini halikuzaliwa huko peke yake. Ndani ya Manispaa yenyewe uko Msitu wa Rau, na kwetu iko misitu ya Kahe, yenye mivule na yenye mti uitwao msoo, ambao wataalamu wameuita Oxystigma msoo, wakilichukua jina la hapahapa kwetu. Ni miti mirefu ajabu katikati ya nchi kame, na mgeni huuliza imewezaje kustawi mahali ambapo mahindi hufa. Jibu liko chini ya miguu yake. Maji ya mlimani huzama huko juu na kutembea chini ya ardhi mpaka kwenye mizizi ya misitu hiyo, na mengine hutoka kama chemchemi. Miti ile haihitaji ndoo zetu. Nasi kwa kuiona tangu utoto tumehitimu kuwa mti wowote, popote, utajitafutia. Twausimamisha mche juu ya kifusi cha barabara, umezungukwa na zege, tukiutazamia uishi kama msoo wa Kahe. Ni sawa na mtu amtupaye mtoto sokoni kwa sababu aliona watoto wa samaki wakijilea.

Na la ajabu ni kwamba hatukukosa walimu. Panda kidogo kutoka mjini, pita Kiboriloni au Kibosho, uingie katika vihamba. Huko wamo watu waliokaa na miti na watu wengi katika eneo dogo kwa vizazi na vizazi, jambo ambalo mji ndio kwanza unajifunza. Mruka umesimama ukiutilia kivuli mbuni. Mringaringa unangojewa mbao. Mgrivea umekatwa matawi kwa kuni na kuachwa shina. Na mpakani kuna isale. Waulize mti huu ni wa nani, utaambiwa ni wa fulani, aliupanda mwaka aliozaliwa kitinda mimba wake. Mti usio na jina la mtu haupo. Maji nayo yana majina. Mfongo, ule mfereji utiririshao maji kutoka mtoni hadi mashambani, una mzee wake, una siku ya kuufagia, una zamu, na asiyetoka kuufagia hutozwa faini ama hunyimwa maji. Hata sisi wa Kahe tunywesheao mashamba yetu kwa mifereji ya chemchemi twaishi kwa zamu. Nawajua ndugu wawili, watoto wa baba mmoja, waliokaa mwaka mzima bila kuamkiana kwa ajili ya saa moja ya maji ya usiku wa manane. Sisifu ugomvi wao. Walakini ugomvi huo ni dalili kwamba maji yale yana wenyewe. Nani amepata kumgombana mwenzake kwa zamu ya kunywesha mti wa barabarani?

(Mchagga akitaka kuomba radhi kwa kosa kubwa hupeleka isale kwa aliyemkosea. Nimefikiri mara nyingi kwamba siku ya kupanda miti tungepaswa kwanza kwenda na majani ya isale kwenye mashimo ya mwaka jana.)

Nami sina haki ya kuwanyoshea wengine kidole bila kukunja kidole kingine kunielekea mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kama mwalimu katika sherehe ya ofisi moja ya mjini, ambayo sitaitaja. Tulipanda miche arobaini kandokando ya barabara. Nilipanda mmoja kwa mkono wangu, nikapigwa picha, nikanawa, nikapanda basi kurudi Kahe. Nilirudi mahali pale Februari iliyofuata kwa shughuli nyingine kabisa, na ndipo nilipokumbuka. Nikaanza kuhesabu. Ilikuwa imebaki sita. Ule wangu haukuwamo.

Nikafanya jambo ambalo lingefaa kufanywa kila mwaka na kila ofisi: nikauliza kwa nini hii sita. Mitatu ilikuwa mbele ya duka lenye mlinzi wa usiku, mzee mmoja asiyependa kukaa bure, aliyekuwa akiimwagia maji kabla ya kwenda kulala. Miwili ilikuwa karibu na mahali waoshapo magari, ikinywa maji machafu yateremkayo. Wa mwisho ulikuwa wa mama mmoja auzaye ndizi za kuchoma. Alikuwa ameuzungushia miiba dhidi ya mbuzi, na kila jioni aliumwagia maji aliyooshea sahani. Nikamwuliza, "Mama, huu mti ni wako?" Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye jiko lake, "Si wangu, Mwalimu. Mti ni wa serikali. Ila jua ni langu."

Miti sita, na kila mmoja ulikuwa na mtu au maji ya kila siku. Hapana hata mmoja uliookolewa na hotuba, na hapana hata mmoja uliookolewa na mvua.

Sasa nazijua hoja za wapinzani wangu, maana nimezisikia katika mabasi, katika vikao na hata nyumbani kwangu. Wa kwanza husema: pandeni mingi, kwa kuwa katika mingi itabaki michache. Hii ni hoja ya mpanda ulezi, amwagaye mbegu kwa kiganja. Haiwezi kuwa hoja ya mlezi wa miti. Mche mmoja wa kitaluni umekaa miezi sita au zaidi katika kiriba, umenyweshwa, umepaliliwa, umehamishwa kutoka kivulini kwenda juani ili uzoee. Kuutupa kwa bahati nasibu ni kumdharau aliyeulea. Tena mizizi ya mche uliochelewa kiribani hujikunja ndani kama kamba, na mti wa namna hiyo hata ukibahatika kuishi huja kuanguka siku ya upepo. Wingi hauponyi kasoro hiyo.

Wa pili husema: watoto wa shule watamwagilia. Mpinzani huyu amesahau kalenda. Shule hufungwa Juni na hufungwa Desemba. Juni ndio mwanzo wa ukame mrefu, na Desemba ndiyo huwaaga watoto Januari ikiwa mlangoni. Hata shule zikiwa wazi, si haki mtoto abebaye dumu la maji ya shule kutoka nyumbani aongezewe la mti ambao mkubwa aliyeupanda hakurudi kuutazama.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi, nami namheshimu. Yeye husema: watu wenyewe hawana maji ya kutosha, nawe wataka kuyamwaga ardhini? Namjibu kwamba mti haudai maji ya kunywa. Maji yaliyooshewa mchele, vyombo na nguo yasiyo na dawa kali humwagwa mtaroni kila siku katika mji huu, na juma moja la maji ya jikoni kwa nyumba moja yazidi ndoo ya mti mmoja. Mito ya Karanga na Rau yapita kando ya mji, na Njoro wapita ndani yake. Zaidi ya hayo, mwenye hoja hii akikubali kwamba maji hayatoshi, basi yampasa akubaliane nami kwamba tupande michache. Haiwezekani maji yawe haba Oktoba lakini yatoshe miti milioni moja na nusu Aprili.

Wa nne husema miti huvunja kuta, huziba mitaro na kugusa nyaya. Ni kweli, mti uliopandwa pasipo pake hufanya hayo yote, kama vile nyumba iliyojengwa mkondoni huleta mafuriko. Mkaratusi karibu na kisima ni ujinga. Mkuyu juu ya bomba ni ujinga mkubwa zaidi. Lakini hilo ni kosa la mpandaji. Chini ya nyaya ipandwe miti mifupi. Penye nafasi uwekwe mwembe, mkwaju au mringaringa. Penye udongo wa magadi kama wa kwetu bondeni, mwarobaini huvumilia yale ambayo mingine haivumilii. Na mti upogolewe ungali mdogo, maana wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa na habari za samaki peke yake. Tawi likatwe kidogo nje ya pale lilipojiunga na shina, ili gome lipate kuziba kidonda. Sisi huliacha mpaka liwe nene kama paja, kisha huja mtu na msumeno akaukata mti kichwa, ukabaki umesimama kama nguzo iliyoota ndevu, ukioza kutoka juu. Halafu husemwa miti ya mjini ina hatari.

Sasa nitaje nitakacho. Nataka Moshi ipande miti elfu tatu tu, na iilee miaka miwili kamili kabla ya kupanda mingine. Nataka kazi hiyo ilipwe mshahara. Mtu mmoja mwenye mkokoteni wa madumu kumi, akienda safari tano kwa siku, hunywesha miti hamsini. Kwa siku sita za juma hunywesha miti mia tatu. Watu kumi huitosha miti elfu tatu. Hema, viti, vipaza sauti, fulana zenye maandishi na chakula cha wageni vya sherehe moja vingewalipa watu hao muda gani, wenye kuandaa sherehe wanajua kuliko mimi. Kwa mwendo huo, baada ya miaka ishirini mji ungekuwa na miti elfu thelathini iliyo hai. Wanaocheka udogo wa hesabu hii na wanionyeshe elfu thelathini ya kwao.

Wala nisiambiwe kwamba mji hauwezi ulezi wa kila siku. Huu ndio mji uliosifiwa nchi nzima kwa usafi, ukatunzwa zawadi zaidi ya mara moja. Je, usafi huo uliletwa na siku moja ya kufagia kila Machi? Uliletwa na watu wanaoamka alfajiri kila siku kushika ufagio, na kwa faini ya shilingi 50,000 kwa atupaye taka ovyo. Mji uliojua kulifuata ganda la ndizi unashindwaje kumfuata mwenye mbuzi anayetafuna mche? Na kwa kuwa nimewataja wafagiaji: majani wanayoyazoa chini ya miti na kuyachoma moto ndiyo matandazo ambayo mche wa jirani unayalilia, yatunzayo unyevu wa ile ndoo yake moja.

Yafaa pia iangaliwe hiyo miti elfu tatu itakwenda wapi. Tembea Shanty Town, mtaa ambao jina lake kwa Kiingereza ni mtaa wa vibanda, na vibanda sikuviona. Barabara zake zina kivuli cha miti mikubwa, hata adhuhuri mtu aweza kutembea bila kofia. Miti hiyo ilipata walezi, kwa maana enzi za ukoloni nyumba ya mkubwa haikukosa mtunza bustani wa mshahara. Kisha teremka Pasua na Bomambuzi saa nane mchana wa Februari, utazame watoto wakitoka shule wakiambaa na kivuli chembamba cha kuta. Kivuli katika mji wetu kimerithiwa kama shamba. Miti ya kwanza iende kule kusikokuwa na urithi.

Jambo hili la kulipa ulezi si ndoto yangu. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement huko Kenya mwaka 1977, wanawake waliootesha miche walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioishi. Ulioishi, si uliopandwa. Watu wengi wakumbuka kwamba alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, wakumbuka mapambano yake ya Uhuru Park na ya msitu wa Karura. Wachache wakumbuka neno hilo moja dogo la daftari lake, nalo naliona kuwa kubwa kuliko mengi. Katika Nairobi hiyohiyo, Novemba 2020, watu waliutetea mkuyu mzee, mugumo, uliokuwa ukatwe kupisha barabara ya juu, na mti ukaponyeshwa kwa amri. Nilifurahi sana. Lakini niliwaza pia kwamba mti mkubwa una watetezi wengi, na moto mkubwa una waliaji wengi. Oktoba ya mwaka huohuo msitu na nyika za Kilimanjaro zilipowaka, moshi ukionekana hata kwetu Kahe, wanafunzi na wanakijiji walipanda mlimani kuuzima kwa matawi. Katika Oktoba hiyohiyo miche ya mjini ilikuwa ikifa kimyakimya chini ya miguu ya watu waliosimama kuutazama moto.

Basi sherehe ihamishwe. Machi mtu apande bila hema, shimo limechimbwa mapema, upana na kina cha mkono mzima, udongo wa juu umewekwa upande ukachanganywa na samadi, kiriba kimepasuliwa na kuondolewa, na shingo ya mche haikufukiwa. Hayo hayahitaji kipaza sauti. Hema lisimamishwe Oktoba ya mwaka wa pili, mijakaranda ikiwa katika maua. Mgeni rasmi apewe daftari badala ya jembe, atembee kwa miguu barabara nzima, aguse kila mti, asome jina la mlezi wake. Makofi yapigwe hapo, na fedha zitolewe hapo. Ofisi ile iliyonialika zamani imenialika tena. Nimewajibu kwa barua ya heshima kwamba Machi sitakuja, ila wakiniita Oktoba nitafika kwa basi la kwanza.

Kuhusu mti wa yule mama, nilipita huko majuzi. Umekwisha kumpita kimo, na kivulini mwake wamehamia fundi viatu na kijana auzaye vocha za simu. Niliwakuta wakibishana kwa sauti. Fundi alidai kwamba Jumamosi si zamu yake ya maji, kijana akaapa kwamba yeye alileta ndoo mbili juma lililopita, na mama alikuwa akigeuza ndizi zake, akingoja wamalize.